Mashavu ya Shahzaib

Shahzaib alipoamka mara ya nne usiku ule, Musarrat hakuwasha taa. Mikono yake ilishaijua njia: pakiti ipo kidirishani, chupa imo ndani ya sufuria, maji ya bomba la mkono yamo kwenye chupa ya chai tangu magharibi na sasa yamebaki uvuguvugu tu. Alitia unga vijiko viwili, akatikisa, kisha akaileta chuchu ya mpira puani. Ilinuka. Kila siku aliichemsha na kila usiku ilinuka vilevile, harufu ya kitu kilichochacha, kikakauka, kikachacha tena. Akaitia kinywani mwa mwanawe hivyo hivyo, maana nyingine hakuwa nayo.

Mtoto aliipokea kwa pupa. Akavuta mara tano sita, akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka, akavuta tena, halafu akalegea usingizini na chuchu imo mdomoni. Musarrat akithubutu kuichomoa, anaamka. Akiiacha, ule uji mweupe unamchuruzika shingoni na kuingia kwenye mikunjo ya ngozi, na asubuhi anawakuta sisimizi wamejipanga. Alikuwa amejaribu kumpa titi badala ya chupa. Shahzaib aliligusa kwa ulimi, akageuza uso na kupiga kelele zilizoamsha hata nyati wa maziwa aliyefugwa na jirani.

"Mpe chupa yake, mwanangu, tulale!" mama mkwe wake, Hajran, aliita kutoka kitanda cha pili. "Unamtesa mtoto kwa ubishi wako."

"Anayo, mama."

"Basi mwache nayo."

Mtoto huyu alizaliwa njiti, wiki saba kabla ya wakati, mdomo hauna nguvu ya kukamata chochote. Maziwa ya kwanza ya Musarrat, yale ya njano, Hajran aliyakamulia mchangani kwa mkono wake mwenyewe kwa kuwa ni machafu, na kila mwanamke wa kijiji kile anajua hivyo. Siku tatu Shahzaib akalambishwa asali kwenye ncha ya kidole. Siku ya nne, kifua cha mama kimejaa hadi kinauma, mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Walimkimbiza zahanati. Huko muuguzi alimtazama mara moja tu, akasema titi litamchosha bure, akawapa kopo moja la maziwa na chupa mpya, bila malipo. Kalenda ya ukutani, saa ya ukutani na hata kalamu aliyoandikia vilikuwa na picha ya kopo lile lile.

Kopo la bure liliisha siku ya nane. Kopo la dukani halikununulika kwa ujira wa watu wa pale, hata wakifunga kula. Mwenye duka akawaonea huruma, akashusha rafuni pakiti ya kijani yenye picha ya ng'ombe.

"Chukueni hii, bibi. Ng'ombe ni yule yule, huyu hakuja kwa ndege tu," alisema, na Hajran akacheka, wakaichukua. Pakiti ilikuwa imejaa maandishi mbele na nyuma. Katika nyumba yao hapakuwa na mtu wa kuyasoma.

Asubuhi Musarrat alikwenda kazini. Kazi ilikuwa kushona mipira ya miguu. Vipande thelathini na viwili kwa kila mpira, sindano mbili, uzi uliopakwa nta, kibanio cha mbao katikati ya magoti. Zamani wanawake wa kijiji waliishonea nyumbani, na watoto wao pembeni wakishona pia. Musarrat alianza akiwa na miaka tisa na kidole chake cha shahada hakijanyooka mpaka leo. Halafu wanunuzi wa ng'ambo waliona picha za watoto hao magazetini, wakaona haya, na kazi yote ikahamishiwa kwenye banda lenye geti na mlinzi. Mtoto yeyote asivuke geti. Ilikuwa sheria nzuri, na kwa sababu ni nzuri hapakuwa na mtu wa kuuliza mama anayenyonyesha atafanyaje kuanzia alfajiri mpaka jua kutua. Wiki za mwanzo maziwa yalimvuja mpaka kanzu ikashikamana na kifua. Kisha yakapungua. Mara moja alipita dada wa afya, ambaye alikuwa na vijiji kumi na kimoja na miguu miwili, akamwambia asikate tamaa: amweke mtoto titini mchana mara kwa mara, maziwa yatarudi, na chupa ataiacha polepole.

Kwa hiyo Musarrat alikwenda kwa msimamizi. Chaudhri Liaqat alikuwa mezani anakula supu ya kwato, mkono umezama hadi kwenye kifundo, mafuta yanamtiririka kuelekea kwenye saa.

"Bosi, naomba dakika kumi adhuhuri. Mama mkwe atamleta mtoto hapa getini, nimnyonyeshe."

"Getini?" Liaqat alifyonza mfupa, akautazama kama umeisha, akaufyonza tena. "Na mkaguzi akipita?"

"Ni mtoto wa miezi miwili, bosi. Hawezi kushika sindano."

"Mkaguzi haulizi anashika nini. Anauliza umri." Wanawake wa benchi la karibu wakacheka, kwa kuwa yeye alinyamaza akiwasubiri wacheke. "Halafu nikikuruhusu wewe, kesho wote mtanifunulia vifua hapa. Hiki ni kiwanda au zizi?"

"Basi nikimbie nyumbani nirudi."

"Kimbia. Ukirudi utamkuta mwingine kwenye benchi lako, msalimie." Akalamba vidole, kimoja kimoja, mpaka kile cha pete. Musarrat alirudi kwenye kibanio chake. Siku hiyo nzima hakula kitu.

Miezi mitano ikapita hivyo. Maziwa yakakauka kabisa, na Shahzaib akanenepa. Walau ndivyo walivyosema majirani. Mashavu yakamjaa, yakang'aa, macho yakabaki vijistari viwili. Hajran akamfunga uzi mweusi mkononi na kumpaka wanja mkubwa kwenye paji la uso kuzuia vijicho. Musarrat peke yake, kwa kuwa ndiye aliyemvua nguo na kumwosha, aliziona nywele zilivyogeuka rangi ya kutu na ngozi ya mapaja ilivyokuwa ikibanduka. Aliona pia kwamba mtoto hacheki. Aliamka mara sita kwa usiku, anafyonza, anapaliwa, analala, anaamka, na mchana alikaa tu popote alipowekwa. Musarrat alimwambia mumewe, Iftikhar, siku aliporudi kutoka kiwanda cha ngozi. Iftikhar alimnyanyua mtoto, akaupima uzito wake mkononi.

"Mtoto mnene hivi unamlilia nini?" alisema. "Wewe umezidi kuchoka."

Wiki ileile Liaqat alikuja hadi kwenye benchi lake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla.

"Wewe ndiye mwenye yule mtoto wa mashavu?"

"Ndiyo, bosi."

"Alhamisi wanunuzi wanakuja. Tunafanya shindano la mtoto mwenye afya, pale uani. Mlete."

"Nimlete hapa?"

"Uani nimesema, chini ya turubai. Mvishe vizuri, na soksi."

Musarrat aliushika uzi usilegee. "Daktari atakuwepo, bosi?"

"Wa mjini kabisa. Bila daktari shindano gani?"

Tangu saa ile hakuwaza kitu kingine. Daktari wa kweli atamshika mwanawe, na yeye mwenyewe hatalipa, hatapanga foleni wala kuomba ruhusa ya kukosa kazi. Atamwambia kuhusu nywele na kuhusu usiku, atamwonyesha na pakiti. Usiku wa kuamkia Alhamisi, kila Shahzaib alipoamka, alimwambia sikioni kesho, baba, kesho.

Uani walipanga viti vya harusi na kufunga bango la kijani kutoka nguzo hadi nguzo. Lilikuwa na ng'ombe. Watoto walikuwa saba, mama zao wamevaa nguo za Idi. Hajran alikaa kiti cha nyuma, ameshajichagulia mshindi. Daktari, mtu mwembamba mwenye miwani, aliwapima mmoja mmoja kwa upole, na Musarrat alipouona upole ule akaishika vizuri pakiti aliyoificha chini ya mtandio.

Mizani ilionyesha Shahzaib amewapita wote. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Daktari," Musarrat alisema haraka, kabla hawajamwondoa, "usiku halali. Bila chupa halali, na hata nayo halali. Titi amelikataa. Nywele zake tazama. Hacheki, daktari."

Daktari aliacha kuandika. Alimgeuza mtoto, akaangalia mapaja, akavuta unywele mmoja nao ukatoka bila shida. Kisha akamvua soksi, akaweka kidole gumba juu ya mguu, akabonyeza, akangoja kidogo, akaondoa. Palibaki shimo. Wote wawili walilitazama, na shimo halikujaa.

"Unampa nini huyu?"

Musarrat alitoa pakiti chini ya mtandio. Daktari hakuitazama mbele, aliigeuza nyuma moja kwa moja, akaisogeza karibu na miwani. Kisha akainua macho kwenye bango.

"Mama, haya si maziwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mafuta na sukari, ya kutia weupe kwenye chai. Imeandikwa hapa, asipewe mtoto mchanga."

"Imeandikiwa nani?" Musarrat aliuliza.

Liaqat alikuwa ameshafika, amejipulizia marashi ya kuua mbu.

"Vipi, daktari, ndiye huyu?"

"Uzito huu ni maji, Chaudhri. Amevimba. Mtoto huyu ana njaa kali, anatakiwa alazwe."

"Njaa?" Liaqat alimfinya Shahzaib shavu. "Na haya ni nini, parachichi?" Hakuna aliyecheka, basi akamsogelea daktari sikioni, lakini Musarrat alisikia kila neno. "Wageni wameshashuka garini. Na waliolipia turubai hili, na gari lililokuleta, na chakula utakachokula, ni hao wa kwenye bango. Wewe ni mtu wa busara."

Daktari alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Kisha akachukua ile soksi na kumvisha mtoto, polepole, akiivuta mpaka juu ya kifundo.

"Mlete hospitali Jumatatu," alimwambia Musarrat, macho yake yakiwa kwenye karatasi.

"Jumatatu tuna mzigo wa kutoa," alisema Liaqat.

Daktari akaandika namba moja mbele ya jina la Shahzaib.

Wageni walikuwa watatu. Mmoja wao, mwanamke mwenye nywele nyeupe na uso mwema, alimwendea Musarrat akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi. Mkalimani wa kampuni akayafupisha.

"Anasema mtoto wako ni mzuri sana. Anauliza siri yako ni nini."

"Mwambie ni mapenzi ya mama," alidakia Liaqat.

"Mwambie ana njaa," alisema Musarrat. "Mwambie daktari amesema. Mwambie nilimwomba huyu dakika kumi nimnyonyeshe, akaninyima."

Mkalimani alimtazama Liaqat. Kisha akamgeukia mgeni, akasema jambo refu na tamu, mpaka yule mama wa watu akaweka mkono kifuani, macho yakamlenga machozi, akapiga makofi. Wote uani wakapiga makofi. Daktari naye alipiga, taratibu, akiangalia viatu vyake. Wakamletea Musarrat zawadi, katoni nzima ya zile pakiti za kijani, wakamwegemezea mkononi, upande wa pili mtoto. Shahzaib alianza kutafuta chuchu hewani kwa midomo.

"Tazama hapa, dada!" mpiga picha alisema.

Musarrat aliiachia katoni ikaanguka. Akamvua mwanawe soksi, akauinua mguu mbele ya kamera, akaubonyeza kwa kidole chake kilichopinda, kwa nguvu, akaondoa. Likawa shimo jingine kando ya lile la daktari. Mtoto hakulia.

"Dada, mguu huo unaharibu picha. Ushushe."

Hakuushusha. Aliushikilia palepale, na wageni wakangoja huku wanatabasamu, wakidhani ni desturi ya huko.

Mpiga picha akasonya. Akasogea hatua mbili mbele, akainama kidogo, akapiga mashavu tu.