Sarafu Tumboni mwa Kipchumba

Oloo aliusoma ukurasa ule mara tatu. Klabu ya voliboli ya Wagiriki wa Guildford, Uingereza, ilikuwa inatimiza miaka hamsini, na katibu wake, Bi Despina, alikuwa anaiandikia kitabu cha historia. Rasimu alimpa Oloo aipitie, maana yeye na rafiki yake Kipchumba ndio Waafrika wa kwanza kuichezea, enzi za uanafunzi wao. Kipchumba alikuwa na ukurasa mzima, na picha juu: ameruka hadi unadhani anabadilisha balbu ya ukumbi. Oloo alipewa mstari mmoja. "Pia alikuwepo Bwana Oloo."

"Pia!" alimwambia mkewe. "Rispah, mimi ni wa pia? Nani alikuwa akimnyanyulia hiyo mipira aipige? Malaika?"

"Baba Maxwell, kunywa chai, itapoa bure."

Hakuinywa. Alimpigia Despina simu.

Sasa, Wagiriki wale kila Mwaka Mpya hukata keki yenye sarafu ndani. Atakayeikuta kwenye kipande chake, bahati ya mwaka ni yake. Mwaka wa tisini na nane keki iliisha na sarafu haikuonekana. Mwokaji alikuwa amesahau kuitia. Oloo alilijua hilo vizuri, kwani mwokaji mwenyewe alimnong'oneza.

"Bi Despina, andika ukweli," akasema. "Sarafu aliimeza Kipchumba. Vipande vinne, bila kutafuna! Bahati ya klabu nzima yule mtu aliipeleka tumboni."

Tayari akilini aliwaona Wagiriki wote wakimnunia Kipchumba mpaka picha inang'olewa.

"Bwana Oloo," Despina akasema polepole, "tisini na nane ndio mwaka pekee tuliochukua ubingwa. Na kwenye fainali Kipchumba hakukosa hata mpira mmoja." Kisha akapiga ukelele. "Mama Mtakatifu! Kumbe bahati ilikuwa ndani yake!"

Siku ya sherehe ukumbi ulinukia kondoo wa kuchoma, na kitabu kilikuwa mezani. Kipchumba alikuwa na kurasa mbili. Despina alipokisoma kisa cha sarafu, wazee walifuta machozi, na mabibi wakapanga foleni kumgusa Kipchumba kitambi wapate baraka. Oloo aliwatazama, roho inamchoma kama amekunywa siki. Lakini alikuwa na tumaini moja: Kipchumba ni mzee wa kanisa, nesi mstaafu, mtu asiyedanganya hata umri wake. Angekanusha.

Kipchumba akashika maikrofoni, akakohoa.

"Ni kweli," akasema. "Hata leo nikiinama kufunga viatu, naisikia ikigonga."

Ukumbi ukalipuka. Oloo angesemaje kuwa ni uongo, na kitabuni shahidi ni yeye? Akainuka hivyo hivyo.

"Na aliyempeleka hospitali ni mimi!" akapaza sauti. "Eksirei niliiona kwa macho haya. Malkia yuko pale kwenye sarafu, katikati ya utumbo, anatabasamu!"

Vichwa vyote vikamgeukia. Vicheko, makofi, mtu akamsukumia glasi. Despina akachomoa kalamu, na Oloo akaliona jina lake likiandikwa pembeni mwa ukurasa, herufi kubwa. Kifua kikamjaa.

"Alinipeleka kweli, ndugu yangu huyu," Kipchumba akasema, akimwekea mkono begani kwa upole. "Ila hawezi kuwaambia daktari alisema nini. Alipoiona ile picha alizimia. Hospitali ilikuwa na kitanda kimoja, wakampa yeye. Mimi mwenye sarafu nikalala sakafuni, nikimpepea."

Watu walicheka hadi viti vikalia. Rispah alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika. Despina alifunua ukurasa mtupu wa mwisho, akaandika na hilo.

Oloo akaketi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba uongo ule ulikuwa mtamu kuliko wake, tena umetungwa palepale, na mtu asiye na mazoezi.