Dorkas wa Kwenye Shuka Jeupe

Watu wa sinema walipopanda Myamba mara ya kwanza, wanaume karibu wote walikuwa wameshuka tambarare. Ndiyo miaka ile ya ujamaa, shamba la pamoja liko huko chini kwenye joto, na kila kaya inatoa mtu wa kwenda kulima na kulala huko huko mpaka palizi iishe. Eliezeri, baba yake Dorkas, alikuwa mmojawapo. Watu husema angekuwepo angekataa. Mimi simsemei mtu, ila najua kwamba hakuwepo.

Mkubwa wa wale wageni aliitwa Kassimu, mtu wa pwani, mpole, shati lake limepigwa pasi hata kule kwenye ukungu. Alieleza kwamba serikali inataka sinema ya kuwafunza wazazi habari za mabinti wanaokua. Binti anaacha vitabu, anadanganywa na mwanaume mwenye gari, anapata mimba, anafukuzwa shule, anabaki na mtoto na majuto. Akaomba msichana asiyeona haya mbele za watu. Mwalimu Tumainieli, mwalimu mkuu wa wakati huo, hakufikiri mara mbili: alimtoa Dorkas wa darasa la sita, ambaye ndiye aliyesoma risala kila mgeni akija.

Mama yake, Lukia, aliridhia, tena kwa kicheko. Kanga zake mwenyewe ndizo zilizofungwa tumboni kwa binti kuwa mimba. Mwanaume mwongo aliigizwa na Yahaya, dereva wao, baba wa watu, ambaye kila alipotakiwa kumshika Dorkas mkono pale kando ya ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, alimgeukia kwanza Lukia na kumwomba radhi. Walimpa Dorkas jina la kuigizia, Tatu. Lakini kila akiitwa Tatu, mtoto haitiki, anatazama pembeni kumtafuta huyo Tatu. Kassimu akaona anapoteza mkanda bure. Akasema basi, na aitwe Dorkas tu, ndugu zangu, jina ni jina.

Jina ni jina! Jamani, mtu anaweza kuvunja nyumba ya mwenzake kwa maneno matatu na shati lake lisikunjike.

Mwishoni kabisa akatakiwa mtoto mchanga wa kupakatwa. Jirani yao Honorata alikuwa amejifungua karibuni, mtoto wa kwanza baada ya kungoja sana. Mumewe, Daudi, alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko chini, na aliacha amekataza mtoto asitolewe nje ya nyumba mpaka abatizwe. Honorata akamtoa. Alimtoa kwa sababu Lukia alimwomba, na kwa sababu naye alitamani mwanawe apigwe picha. Kitoto kikafunikwa gubigubi kwa kanga ya Lukia, uso haukuonekana. Kilichochomoza ni mkono tu, umekunja ngumi ndogo, ukaibana shingo ya gauni la Dorkas ukakataa kuachia. Kassimu alifurahia ngumi ile akaipiga picha kwa karibu. Kisha wakafunga vyombo vyao, wakashuka.

Kabla mvua za vuli hazijanyesha, mtoto wa Honorata alikufa kwa surua. Mwalimu Tumainieli akahamishiwa Kigoma. Dorkas akaingia darasa la saba, akasoma kama mtu anayefukuzwa, na majina yalipotoka alikuwa msichana pekee wa shule ile aliyechaguliwa kuendelea na sekondari, upande wa Moshi huko. Eliezeri alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, lakini wiki ile aliwasalimia watu mara mbili mbili njiani ili wapate nafasi ya kumpongeza. Ilibaki kipaimara tu, kisha binti aondoke. Dorkas alishaanza kuwagawia wadogo zake vitu vyake, kibao cha kukalia huyu, kisu cha kukatia majani yule.

Hapo ndipo gari la sinema lilipopanda tena.

Sasa msiwacheke watu wa kule. Sinema walishaziona, na kila walichokiona kilikuwa kweli. Waliona daraja likifunguliwa, na aliyekwenda huko alilivuka. Waliona ng'ombe wakiogeshwa kwenye josho, na josho lipo pale njia ya Same, mtu akitaka anakwenda kuligusa. Waliona bendera ya uhuru ikipanda, na bendera si ile inapepea shuleni? Kwao shuka lile jeupe la kuonyeshea sinema lilikuwa shahidi kuliko mtu, maana mtu hununulika. Nani aliwahi kuwaambia kwamba siku nyingine shuka hilo hilo litacheza?

Giza lilipoingia, kijiji kizima kilikaa uwanjani pa shule. Mashine ikanguruma, na sauti nzito ya kiume ikasema, "Huyu ni Dorkas. Alikuwa mtoto mwema." Watoto wakashangilia. Dorkas mwenyewe alicheka kwa aibu akajificha kwa mama yake. Kisha gari likaonekana kando ya ndiva, na Yahaya akashika mkono, na kicheko cha watu kikaanza kupungua. Tumbo lilipotokeza, uwanja ulinyamaza. Ilipokuja picha ile ya mwisho, Dorkas amekaa kwenye jiwe, machozi yanamtoka, na ngumi ya mtoto imeibana shingo ya gauni, mwanamke mmoja huko nyuma aliachia ukelele akaondoka mbio gizani. Watu wakadhani ni uchungu wa mambo waliyoyaona. Lukia alijua ni Honorata.

Eliezeri hakungoja mkanda uishe. Aliinuka, akaenda nyumbani, akakaa jikoni bila kuwasha taa.

Lukia alieleza mpaka sauti ikamkauka. Ni mchezo, alisema, tumbo lilikuwa kanga zangu, nizilete muone? Wakamwambia mama gani asiyemfichia mwanawe. Wanawake wengine walikuwa mashambani picha zilipopigwa; watoto wa shule walioona walishuhudia, wakaambiwa wakachote maji. Aliyekuwa akiendesha mashine alipoulizwa alisema yeye anazungusha tu, hata huyo Kassimu hamjui. Mwalimu Tumainieli alipelekewa habari huko Kigoma, na Kigoma ni mbali, jibu halikuja. Baada ya siku chache watu waliacha kuuliza kama ni kweli. Waliuliza swali jingine, na lilikuwa baya zaidi: mtoto yuko wapi?

Mwalimu mkuu mpya, Lugano, mtu wa Mbeya, ndiye peke yake aliyesimama upande wa Dorkas. Alimwita Dorkas ofisini akamwambia asitishike. Mwanafunzi hafukuzwi kwa sinema, alisema, na mtu yeyote akimwuliza atamjibu hivyo hivyo. Dorkas akatoka pale akiwa na nguvu mpya. Safari yake ilikuwa bado ipo.

Lakini wazee wa kanisa walisema kipaimara hakuna, mpaka jambo lisafishwe. Wakamsimamisha Eliezeri uzee wake wa kanisa. Wakamwita Dorkas wakamwuliza mtoto yule ni wa nani kama si wake. Dorkas aliangalia sakafu, halafu akasema ni wa Honorata.

Honorata akaitwa. Njiani Lukia alimshika mkono akamsihi, akamkumbusha kwamba walichota maji pamoja tangu wakiwa wasichana, kwamba ni neno moja tu. Honorata aliitikia kwa kichwa, tena na tena. Alipofika mbele ya wazee alimkuta Daudi amekaa kwenye benchi, amepanda kutoka mkongeni kwa ajili ya mazungumzo hayo. Wakamwuliza. Honorata alimtazama Daudi.

"Mwanangu hakuwahi kutoka nje," alisema. "Mungu alimchukua akiwa ndani."

Dorkas hakumkasirikia pale pale. Alimwona namna alivyokuwa amezikunja ngumi zake mwenyewe mapajani, akaelewa yote mara moja: Honorata akisema ndiyo, maisha yake yote ataambiwa aliua mtoto kwa kumtoa nje. Msichana wa umri ule kuelewa jambo kama lile! Ni mzigo ambao hata mtu mzima angeomba ashushiwe. Hasira ilimjia baadaye usiku, na ilipomjia ilimkuta hana wa kumtupia.

Nyumbani Eliezeri alizungumza naye kwa mara ya kwanza tangu sinema. Hakumgombeza. Alimweleza, taratibu, kwamba kanisa lina mlango wake wa kurudia: mtu anasimama Jumapili mbele ya usharika, anasema ametenda dhambi, wanamwombea, anarudi kundini, na baada ya hapo hakuna ruhusa ya mtu kumtajia tena. Wengi walipita mlango huo, tena watu wazima na heshima zao. Atapata kipaimara. Atakwenda shule. Huko Moshi nani atamjua?

"Baba, nitasema nini? Sikufanya kitu."

"Najua, mwanangu," Eliezeri akasema. "Sema tu, yaishe."

Najua, mwanangu! Alijua, na bado akasema. Mimi hapo huwa nashindwa kumhukumu na nashindwa kumsamehe. Alikuwa amechoka. Aliogopa wadogo zake Dorkas wasije kukosa wa kuwaoa. Aliukumbuka uzee wake wa kanisa pia, nisidanganye. Lukia alilia akasema asiseme, lakini naye alipoulizwa njia nyingine ni ipi, hakuwa nayo.

Jumapili Dorkas alivaa gauni jeupe lililoshonwa kwa ajili ya kipaimara, maana jingine la heshima hakuwa nalo. Akasimama mbele. Sauti ile ya kusoma risala haikutetemeka. Alisema alitenda dhambi, anaomba radhi kwa Mungu na kwa usharika. Yangeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini mzee mmoja akauliza kuhusu mtoto, maana watu wote walikuwa wakingoja hilo tu.

"Alikufa," Dorkas akajibu.

Lilikuwa neno la kweli pekee alilolisema asubuhi ile. Kwenye benchi za wanawake Honorata aliinamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Wakaimba, wakaomba, wanawake wakamkumbatia Dorkas mlangoni mmoja mmoja, na baadhi yao walikuwa na furaha ya kweli. Eliezeri alimshika bega kutoka kanisani mpaka nyumbani.

Jumatatu Mwalimu Lugano alimwita. Safari hii hakumkaribisha kiti, akasimama naye pia. Macho yake yalikuwa mekundu, na Dorkas aliona hakulala.

"Sinema ningebishana nayo," alisema. "Ningekwenda mpaka wilayani kubishana nayo. Lakini hili umelisema mwenyewe, Dorkas, mbele ya watu wote. Msichana aliyezaa haendelei na shule, na sikuitunga mimi sheria hiyo."

Dorkas alimwambia kwamba aliyoyasema kanisani hayakuwa kweli. Lugano akamwuliza ni lini basi amwamini, jana au leo. Hakuuliza kwa ukali. Dorkas alisema shikamoo, kama mtu anayeingia, akatoka. Nafasi yake ilikwenda kwa msichana wa kijiji kingine. Eliezeri alirudishiwa uzee wake, akautumikia miezi michache, kisha akaomba aachiwe.

Kipaimara alipata. Aliokuwa amewagawia vitu vyake hawakuombwa wavirudishe. Akabaki akilima tangawizi na mama yake, akikinga maji ya ndiva zamu yao ikifika. Wachumba hawakuja, na hakuna aliyemtajia kitu, maana ilikuwa marufuku, kwa hiyo waliacha tu kuzungumza akipita. Naye alikoma kuota Moshi. Siku hizo angeulizwa anataka nini, angesema anataka kulala.

Mwaka uliofuata gari la sinema lilizunguka tena, likawa linaonyesha sokoni Myamba. Jioni hiyo hiyo Honorata alisimama mlangoni kwa Lukia. Hakuwa amekanyaga pale tangu siku ile ya wazee. Alisema ameambiwa sinema ni ile ile. Alisema tangu iende Lembeni na Mwanga aliifuata huko kote, akimdanganya Daudi, aliyekwisha kuacha kazi ya mkonge, kwamba anakwenda kuuza maharage, lakini leo wanaume wengi wanakunywa sokoni na anaogopa kwenda peke yake. Akamwomba Dorkas amsindikize.

Lukia alinyanyuka amfukuze. Dorkas alichukua kanga yake, akatoka.

Walikaa nyuma kabisa. Ile sauti nzito ikasema Dorkas alikuwa mtoto mwema, na vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kumtafuta. Dorkas hakujifunika uso. Alimwangalia yule wa kwenye shuka akikimbia na madaftari, meno yote nje, akatamani kumwita arudi. Mwisho ukafika, jiwe, machozi, na ngumi ile ndogo ikajaa shuka zima.

Honorata alimsogelea mpaka mabega yao yakagusana.

"Huyo wangu," alinong'ona. "Unamwona? Huyo wangu."

"Namwona," Dorkas akasema. "Sema kwa sauti."

Honorata alifungua mdomo. Mbele yao watu walikuwa bado wamegeuza shingo, wanamtazama Dorkas. Ngumi ikatoweka, shuka likabaki jeupe, na mtu wa mashine akawasha taa. Honorata akafumba mdomo, akajifunga kanga yake vizuri, akasema wafanye haraka, Daudi asije akawakuta njiani.