Kaka Yake Pui Yi

Mwajabu yuko katikati ya pindo la kanga ya pili pale Pui Yi, jirani yake muuza chai, anapoingia na kukaa bila kukaribishwa. Duka lake la ushonaji liko ndani ya jengo refu la Hong Kong, mji wenye sheria na mahakama zake, ingawa neno la mwisho liko Bara, Uchina. Kaka yake Pui Yi alikamatwa kwenye maandamano na hajaonekana tena. Dada Mwajabu, anasema Pui Yi kwa Kiingereza chao cha dukani, ulinieleza kwamba kwenu mwanamke akishindwa kusema, kanga humsemea. Nidarizie moja niitundike dirishani. Kwa Kiswahili, polisi hawatakisoma. Hawatakisoma, mwenzangu, anajibu Mwajabu, lakini wataniita mimi niwasomee, na kibali changu cha kuishi kinaisha mwezi ujao. Niache nifikirie. Pui Yi anarudi kwenye chai yake. Mwajabu anaegemeza kichwa juu ya kitambaa, kidogo tu, mguu ungali juu ya pedeli ya cherehani.

Na mguu unakanyaga lami. Barabara ni mpya, pana, haina mwisho. Kulia ni magorofa ya Hong Kong, kushoto ni Tanga kwao, na kila mji unauakisi mwenzake kama kioo, winchi zilezile, makontena yaleyale, mabango yaleyale ya Kichina. Mjomba wake Hiza anapita na lori. Mjomba, barabara hii kajenga nani? Walewale, anajibu, nami nakula, watoto wanasoma, usinitafutie maneno. Anapita tena, na tena, barabara inamrudisha, na Mwajabu hamlaumu, maana watoto hao anawajua. Mtu asiye na uso anamshika mkono. Wewe ni wa Bara au wa mji? anauliza Mwajabu. Mimi ni wa mlango, anajibu asiye na uso, waingiao hawanioni, watokao hawanikumbuki. Mlangoni wanawake wamejitanda kanga, na mahali pa maneno pako peupe. Mbona hamkuandika? Tukiandika tunaulizwa, ananong'ona mmoja, tusipoandika tunaulizwa, bora hivi, tunaokoa uzi. Ndani, kijana amekaa amewapa mgongo. Mwite, anasema asiye na uso, akigeuka mtoke naye. Mwajabu anaita, kaka yake Pui Yi! Kijana hageuki. Humu kila mtu ni kaka wa mtu. Miaka mitatu kijana huyu amembebea marobota ya vitambaa, naye Mwajabu amemwita kaka yake Pui Yi tu, kwa heshima, kama kwao mtu anavyoitwa mama fulani. Mlango unafungwa, Mwajabu angali kinywa wazi.

Dada, unalala kazini? Pui Yi amesimama na kikombe. Bosi wako akikuona je? Bosi ni mimi, kaa hapo. Kaka yako anaitwa nani? Pui Yi anaweka kikombe mezani. Wote huniuliza alifanya nini, anasema. Anaitwa Chun Hei. Mwajabu analirudia mpaka Pui Yi aache kumsahihisha, kisha anachukua chaki na kuliandika kwenye kanga. Hilo polisi watalisoma, anasema Pui Yi. Najua. Chini watu wanapaza sauti, lori linapiga honi, na Mwajabu hajui kama ni mtaa huu au barabara ile. Hachungulii. Anatia uzi mwekundu sindanoni, anadarizi herufi ya kwanza, ya pili, mpaka mlinzi anaanza kuzima taa za jengo. Zilizobaki kesho, anasema. Uje mapema.