Vifungo vya Tembo

Kap. Kap-kap. Kap.

Kulikuwa hakujapambazuka, na sauti ilitoka kwenye kitanda cha watoto. Alikuwa binti yangu wa darasa la kwanza, tunayemwita Kibiriti kwa jinsi anavyowaka haraka. Alikuwa akipiga makofi chini ya shuka.

"Mama, leo siendi shule."

Nilijua kinachomkera. Jana mwalimu aliwafundisha kuhesabu silabi kwa makofi. Alipotaja "tembo", Kibiriti alipiga mpaka viganja vikauma. Alipotaja "sisimizi", akagusanisha vidole mara moja tu, taratibu. Darasa zima likaangua kicheko, naye akaapa kwamba pale hafungui mdomo tena.

"Tembo ni mkubwa, Mama. Makofi mawili yatamtosha wapi?"

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akikoroga uji jikoni, akadakia: "Mke mwenzangu kasema kweli! Kwani huyo mwalimu amewahi kumwona tembo?"

"Mama, na wewe! Usimpe kichwa."

Nikawasha taa, nikaanza kueleza kama tulivyoelezwa kwenye shule ya jioni ya watu wazima ninayosoma: silabi ni sehemu ya neno inayotamkwa... Kibiriti akapiga mwayo. Basi nikayaacha maelezo, nikavuta kopo la vifungo lililo kando ya cherehani yangu.

"Kila mdomo ukitoa kipande cha neno, weka kifungo. Haya, tembo."

Akachakura mpaka akapata vifungo vya koti, vinene kama biskuti.

"Te." Kifungo. "Mbo." Kifungo.

Akavitazama. Viwili tu, lakini vizito.

"Sisimizi?"

Safari hii akachagua vile vya shati la kichanga. "Si. Si. Mi. Zi." Vinne, vimefuatana mezani.

"Ala! Kadogo kana vingi!" Bibi alisema, mwiko mkononi. "Hebu nihesabie na mimi. Bibi."

"Vikubwa au vidogo?"

"Vikubwa, mwenzangu. Sijakonda kiasi hicho."

Kibiriti alicheka mpaka akapaliwa. Uji akanywa, sare akavaa. Lakini mlangoni mwa darasa aliing'ang'ania sketi yangu. Ndani mwalimu aliuliza nani ataanza, na watoto wakageuka kututazama. Mmoja alishaziba mdomo kwa kiganja, kicheko kiko tayari.

Sikumsukuma. Nilisimama tu mpaka nikahisi sketi imeachiwa.

"Mwalimu, naanza mimi na tembo."