Mafuta ya Limpho

Limpho alikuwa anakaanga makoenya, maandazi ya kwao, ya kuuza pale mafuta ya karaini yalipowaka na moto ukalidaka blanketi alilojitanda. Tangu hapo mama yake, MaLimpho, hakutaka hata kulisikia neno mafura, yaani mafuta, na kwa Wasotho mafura ni hayo hayo, ya karaini na ya mwilini.

Basi siku ya tatu wodini, Nesi Tsepang akapita mbiombio na kumwambia kwamba mafuta ya mwili wa binti yake yamegeuka: hayakai tena kama akiba, yanawaka kutwa kucha na kumla. Masikini MaLimpho, hakungoja nesi amalize. Adui yumo ndani, sasa nani anamlisha adui?

Akaanza kuengua mafuta kwenye mchuzi wa kondoo. Siagi ya karanga akaiacha nyumbani. Kile kikombe cha maziwa mazito cha saa nne, nesi akigeuka tu, anakimwaga kwenye karo. Limpho, bonge la msichana, akawa anakula papa, ule ugali wao, mkavu na mboga za kuchemsha. Kwa siku kumi na moja mashavu yote yalimwisha, na MaLimpho, Mungu amsamehe, akawa anafurahi kwamba mafuta yanaisha.

Siku ya kubandikwa ngozi mpya juu ya vidonda walimpima uzito. Daktari akakataa: mwili huu hauna nguvu ya kuishika ngozi, na vidonda navyo havingoji. Tsepang akauliza chakula chote kile kinakwenda wapi. MaLimpho akajibu, tena kwa fahari kidogo, kwamba alikuwa anauzima moto.

Nesi akakaa kitini, yeye ambaye hakai.

"Mama," akasema taratibu, "moto ule hauzimwi kwa njaa. Ukikosa chakula unamla yeye, nyama zake zote. Nilikuwa nataka kukwambia umshibishe."

MaLimpho akalishika tumbo lake nene kwa mikono miwili, akalia wamkate yeye, wachukue mafuta, wachukue ngozi, wachukue chochote. Nesi akatikisa kichwa.

Mchana ule MaLimpho alirudi na mchuzi wa mkia wa kondoo, mafuta yanaelea. Limpho akameza vijiko viwili. Cha tatu kikamtoka pembeni ya mdomo.

"Mama," akanong'ona, "nilikuwa nakuona ukiyamwaga maziwa. Nikajua wamekwambia siponi."

MaLimpho akakijaza tena kijiko.