Kona ya Bomba

Mpimaji alipaka jeli kwenye kona ya bomba la mvuke kiwandani, akabandika juu yake kihisi cha kuazima cha kupima unene wa chuma. Kilikuwa laini kama kiraka cha nguo, kilijikunja, kikalala. Kile kifaa cha zamani, kigumu kama kisigino cha kiatu, hakikuwahi kushika pale. Kilipima bomba lililonyooka tu, na kona ikaandikiwa namba ileile. Ndivyo alivyofundishwa. Ndivyo alivyoandika mwaka jana, kwa mkono wake, wiki tatu kabla kona ya bomba la pili haijampasukia Mama Pacha.

Mpaka leo watia rangi nguo waliipita nafasi ya marehemu kwa ubavu, kana kwamba bado kasimama hapo. Mpimaji yeye alimsikia. Kila mvuke ulipopiga mluzi, ndani yake kulikuwa na kile kicheko chake cha kukohoa.

Mawimbi ya sauti yaliingia kwenye chuma yakarudi upesi mno. Unene, milimita mbili. Palipaswa kuwa nane. Akafuta, akapaka jeli upya, akapima tena.

Mbili.

Meneja alikuja, akatazama skrini, akauliza tangu lini kitambaa cha kuazima kikajua chuma kuliko yeye. Mpimaji akamwambia mvuke uzimwe. Akamwambia pia kwamba meza iliyo chini ya kona hii kapangiwa wifi yake tangu asubuhi, na ni yeye mpimaji aliyemtafutia kazi.

"Basi mtunzie kazi yake," meneja akasema. "Mzigo unaondoka Ijumaa. Hicho kidude ni kibovu, kinarudi kwa wenyewe. Wewe andika kama mwaka jana."

"Mwaka jana tulizika mtu, bosi."

"Na fomu ulisaini wewe, dada yangu. Mimi nilisaini wapi?"

Meneja akabandua kihisi mwenyewe, akakifuta jeli kwa leso yake, akaondoka nacho.

Kengele ya kumaliza mapumziko ikalia. Mpimaji akamvuta wifi yake pembeni, akamwambia yote, hata ile namba. Wifi alisikiliza hadi mwisho.

"Nimekuelewa, wifi. Lakini pale getini wako ishirini wanaiombea meza hii."

Akaenda kwenye nafasi yake. Akatoa mfukoni sweta ya mwanawe, bado mbichi, akapanda kwenye stuli na kuitandaza juu ya kona ya bomba, akiinyoosha mikono taratibu. Pale pana joto zuri, alisema. Hadi jioni itakuwa imekauka.