Tabaka Lililolala Kifudifudi

Usiku wa jana niliota kipindi changu cha kwanza kimeanza bila mimi. Somo ni historia ya dunia kama ilivyoandikwa kwenye miamba, mwaka wa kwanza chuoni, na mwalimu wake ni mimi, Tusekile, mhitimu wa juzi tu. Nilipofungua mlango, wanafunzi kumi na watano walikuwa wameshakaa. Mkuu wa idara, Dokta Ntandu, alikuwa mbele na daftari la mahudhurio. Akaniambia maneno yaleyale aliyoniambia mchana ofisini.

"Wakibaki kumi na wawili, somo linaendelea. Wakipungua hata mmoja, tunalifuta, nawe unahamia maktaba."

"Sawa, Dokta."

"Usiwachoshe."

Notisi zangu zilikuwa zimebaki nyumbani, mezani, chini ya jiwe bapa la kijivu ninalolitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Nikasema basi nitaandika ubaoni. Nikageuka.

Ubao haupo. Mahali pake pana ukingo wa barabara uliochongwa mlimani, mrefu kama ghorofa nne, wenye matabaka ya mawe yaliyolaliana kama magodoro dukani. Paa limeondoka. Madawati yamebaki, yako katikati ya lami. Hakuna anayeshangaa.

Nyundo yangu ya mawe inasimama kwa mpini wake na kusafisha koo.

"Zimeni simu," inasema. "Wenyeji wataamkiwa mmoja mmoja. Mdogo anampa mkubwa shikamoo, mkubwa anaitikia. Mwalimu akikosea, wanafunzi watatu wanatoka dirishani."

"Dirisha liko wapi?"

Nyundo inaonyesha. Dirisha liko peke yake kando ya barabara, halina ukuta, lina pazia la maua.

Sikuogopa. Sheria naijua, ni mstari wa kwanza wa notisi zangu: tabaka la chini ndilo kongwe, kwa kuwa huwezi kulala juu ya kitu ambacho hakijafika.

Nainama hadi chini kabisa. Pale pana tabaka nene la udongo mwekundu uliogeuka jiwe, limevaa kofia na kukunja mikono juu ya tumbo. Wenzake wote wa juu wanasema kwa pamoja, "Shikamoo, Babu." Nami nasema hivyohivyo.

"Marahaba," anaitikia Babu. Neno hilo linachukua miaka elfu kumi na mbili. Tunangoja. Mwanafunzi mmoja anamaliza karanga zake.

Nikapanda. Kati ya tabaka la tatu na la nne nikakuta kiti kitupu.

"Huyu ni nani?"

Dokta Ntandu akapekua daftari. "Miaka milioni sitini. Haikuhudhuria."

"Ilileta cheti cha daktari?"

"Ililetwa karatasi," ikasema nyundo. "Ikamomonyoka."

Mara lami inapasuka na kutoka chini anapanda mwamba mweusi, mwembamba, bado anafuka moshi. Anampenya Babu katikati, anakata tabaka la pili, la tatu, anapita juu ya kiti kitupu, anakata mengine yote mpaka anachungulia kileleni. Sauti yake nzito kama ya mtangazaji wa redio.

"Mnanifahamu? Mimi nimetoka ndani kabisa ya dunia. Huko kuna joto ambalo hamjawahi kuliona."

Mtu aliyetoka chini kuliko Babu, na sauti ile!

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Ukuta mzima ukaguna. Wanafunzi watatu wakafunga mabegi, wakaniaga kwa adabu, wakatoka dirishani. Wa mwisho alirudisha pazia.

Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Madam, naitwa Shija. Huyo uliyemwamkia ni mdogo wao. Amewapenya. Utaipenyaje foleni ambayo haijapangwa?"

"Umejuaje?"

"Madam, kwetu Usukumani kuna Kulwa na Doto, halafu mimi. Shija ni anayezaliwa nyuma ya mapacha. Mtu wa jina langu haulizi cheti cha kuzaliwa ili ajue nani alitangulia."

Mwamba mweusi anaona haya na kupoa. "Nilikuwa natania tu," anasema. "Shikamooni wote."

"Kumi na wawili," akasema Dokta Ntandu. "Huna wa akiba."

Nilipoendelea kupanda, ukuta ulikuwa umeshakuwa bweni, na matabaka wamelala kwenye kitanda cha chuma cha ghorofa nyingi. Juu kabisa amelala mmoja mwembamba, wa kijivu, uso umezama godoroni. Kwa sheria yangu, huyu ndiye mdogo. Napaswa kumwambia "Hujambo, mtoto," na kazi imekwisha. Huko chini wanafunzi kumi na wawili wameshika mikanda ya mabegi yao.

Nafungua mdomo. Tone la maji linadondoka puani kwangu. Naangalia lilikotoka. Chini ya tumbo lake kuna vishimo vidogo vya duara, kama vile mvua inavyotoboa vumbi.

"Vishimo hivi umevipata wapi?" nikauliza.

"Mvua," ikajibu sauti kutoka godoroni. "Nilikuwa tope bichi kando ya ziwa. Ikanyesha kidogo, jua likatoka. Nikabaki navyo."

"Mvua yenyewe ilitoka wapi?"

"Juu, mwanangu. Ingetoka wapi tena?"

"Lakini vishimo viko chini."

Akajipapasa tumbo.

"Bibi," nikasema, "umelala kifudifudi."

"Tangu milima iliposukumana," akasema. "Tulikunjwa kama chapati tukageuzwa wote. Nilisema sana, ila nilikuwa nasemea godoroni. Hata wewe, Tusekile, mezani kwako unanilaza hivihivi."

Nikavua viatu, nikapiga goti kwenye chuma cha kitanda, nikasema kwa sauti ambayo hata waliotoka dirishani walisikia:

"Shikamoo, Bibi!"

Kila tabaka likajichungulia tumboni. Huyu akakuta vishimo, yule akakuta alama za mawimbi, zote zimetazama chini. Kwa miaka yote hiyo shikamoo zilikuwa zinashuka badala ya kupanda. Wa mwisho kujichungulia alikuwa Babu. Akavua kofia taratibu.

"Nilikuwa nashangaa," akasema, "mbona sina kumbukumbu nyingi." Kisha kitinda mimba huyo mnene akainua uso. "Shikamoo, Bibi."

Neno lilikuwa limekaa mdomoni mwa Bibi miaka milioni mia mbili. Halikuchelewa hata kidogo. Lilitoka kama chafya.

"Marahaba, wanangu!"

Mvua ikaanza kunyesha kutoka sakafuni kwenda juu. Kila tone lilijua kishimo chake na kuingia humo bila kusukumana. Wanafunzi wanapiga makofi juu ya madawati. Wale watatu wanarudi kwa dirisha, nyuma yao wamo watu wa idara ya uhasibu na mpishi wa kantini. Shija anamfundisha mwamba mweusi kungoja zamu. Dokta Ntandu anahesabu, daftari linaisha, anaendelea kuandika kwenye shati lake.

"Arobaini na mmoja," anasema, na macho yake yamelowa. "Pamoja na nyundo."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Dodoma haijapata mvua tangu Aprili, na bati langu halivuji.

Mezani notisi zilikuwa palepale nilipoziacha, na jiwe la kijivu juu yake. Ila lilikuwa limegeuka: upande niliozoea kuulaza chini ulikuwa juu, na vishimo vyake kama vya Bibi vimetazama dari. Katika kishimo kimoja, kile cha pembeni, mlikuwa na tone la maji.

Nikachukua kalamu, na pale nilipoandika kwamba tabaka la chini ndilo kongwe nikaongeza: isipokuwa wamepinduliwa, waulize kwanza. Kisha nikalipakata jiwe kwa mikono miwili, chali, ili tone lisimwagike.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Sikusubiri jibu. Kipindi kilikuwa saa mbili kamili, na safari hii hapakuwa na haraka. Angeitikia tukiwa darasani.